Walichokiona angani: visahani, rada na kadi za kutobolewa

Juma lililopita rafiki mmoja aliniuliza kama mimi, mtu wa kompyuta, naamini mambo ya visahani virukavyo. Nikamwambia swali hilo silipendi, kwa sababu likishaulizwa watu hugawanyika pande mbili na mazungumzo hufa hapo hapo. Linalonivutia mimi ni lingine. Mtu mwenye akili timamu akikuambia ameona kitu ambacho wewe hukukiona, na hakiwezi kuonekana tena, utafanya nini na maneno yake?

Jeshi la Anga la Marekani lilihangaika na swali hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, na katikati ya kuhangaika huko likaamua kuyapeleka maneno ya mashahidi kwenye mashine za IBM. Niliposoma hapo nikavuta kiti karibu. Kazi yangu ya kila siku ni kusoma ripoti za watu wanaosema programu imefanya jambo la ajabu wakati mimi sipo!

Tuanze na aliyefungua mlango. Tarehe 24 Juni 1947, Kenneth Arnold, mfanyabiashara wa Boise, Idaho, alikuwa akirusha kindege chake mwenyewe kutoka Chehalis kwenda Yakima katika jimbo la Washington. Kazi yake ilikuwa kuuza vifaa vya kuzimia moto. Njiani akakata kona kidogo kutafuta ndege ya uchukuzi ya kijeshi, aina ya C-46, iliyokuwa imepotea karibu na Mlima Rainier. Aliyeipata alikuwa ameahidiwa dola 5,000. Muda mfupi kabla ya saa tisa alasiri mmweko wa mwanga ukampiga machoni. Akatazama huku na huku, akaona vitu tisa vikipita kwenye safu ya milima kwa mstari mmoja, vikiyumba na kuakisi jua kila vilipogeuka.

Hapa ndipo ninapomheshimu mtu huyu. Aliangalia saa. Akapima muda ambao vitu hivyo vilitumia kutoka Mlima Rainier hadi Mlima Adams, akapata dakika 1 na sekunde 42. Umbali huo ni kama kilomita 75. Gawanya mwenyewe: ni karibu kilomita 2,700 kwa saa. Arnold aliona namba hiyo haiaminiki, akaipunguza hadi maili 1,200, yaani kama kilomita 1,900 kwa saa, ili aache nafasi ya makosa. Hata hiyo ilikuwa kichaa. Binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuupita mwendo wa sauti katika ndege iliyo sawa angani, Chuck Yeager, alifanya hivyo tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo, karibu miezi minne baadaye.

Kesho yake, huko Pendleton, Oregon, Arnold aliwaeleza waandishi wa gazeti la East Oregonian. Akasema vitu vile vilikwenda kama kisahani ukikirusha kiruke juu ya maji. Nyote mmewahi kurusha kijiwe bapa kwenye bwawa au ziwani, mnajua mwendo huo. Alikuwa anaeleza mwendo, siyo umbo! Mchoro alioupeleka jeshini unaonyesha kitu chenye mbele ya mviringo na nyuma iliyochongoka, kama kisigino cha kiatu. Lakini habari ilipopita kwenye nyaya za shirika la Associated Press na kuwafikia wahariri wa vichwa vya habari, ikawa visahani virukavyo. Wiki chache zilizofuata zilileta mamia ya ripoti kutoka kila pembe ya Marekani, na watu wengi wakaona, ndiyo, visahani.

Ukiwa mwandishi wa programu unajua jambo hili. Mteja wa kwanza akisema mashine "imeganda", basi wote watakaopiga simu baada yake watasema imeganda, hata kama tatizo la mmoja ni mtandao na la mwingine ni panya aliyetafuna waya.

Kabla sijaendelea, tufanye hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hii hakuna ripoti hata moja ya angani inayoweza kusomwa. Jicho halioni ukubwa. Jicho huona pembe. Mwezi mpevu unachukua takriban nusu digrii ya anga, na jicho zuri linaweza kutenganisha vitu vilivyo umbali wa kama sehemu moja ya sitini ya digrii. Kitu cha mita 1 kikiwa mita 100 mbele yako, na kitu cha mita 100 kikiwa kilomita 10, jichoni ni sawasawa kabisa. Ukijua umbali utapata ukubwa na mwendo. Usipojua umbali huna chochote, hata uwe rubani wa miaka thelathini.

Arnold alikadiria kwamba vitu vyake vilikuwa kama kilomita 37 kutoka kwake na vilikuwa na urefu wa kama mita 15. Mnajimu J. Allen Hynek, ambaye tutakutana naye tena, alizikagua namba hizo na kuona kwamba hazikubaliani. Kitu cha mita 15 kwa umbali huo huchukua kama sehemu moja ya arobaini ya digrii. Utaona nukta tu. Hutaona umbo wala kisigino cha kiatu. Kwa hiyo ama vilikuwa vikubwa zaidi, ama vilikuwa karibu zaidi. Vikiwa karibu, tuseme kilomita 10, mwendo nao unashuka kwa kiwango hichohicho hadi kama kilomita 730 kwa saa, na hapo tumefika kwenye jeti za wakati ule. Arnold naye alikuwa na hoja yake. Alisema viliingia nyuma ya baadhi ya vilele na kutokea tena, na hilo ndilo lililompa umbali. Ukimwamini kwenye hilo, hesabu yake ya mwendo inasimama. Mimi sijui niseme nini zaidi, ila yeye hakubadilisha habari yake.

Nasi Afrika Mashariki tunayo yetu. Asubuhi ya tarehe 19 Februari 1951 ndege ya East African Airways aina ya Lodestar iliondoka saa moja kutoka Nairobi West, uwanja ambao leo tunauita Wilson, ikielekea Mombasa. Rubani alikuwa Kapteni Jack Bicknell. Baada ya dakika kama ishirini mtu wa redio akamwonyesha kitu cheupe kinachong'aa kama nyota, kimetulia juu ya Kilimanjaro, kama futi 10,000 juu ya mlima. Abiria nao wakaambiwa, wakatazama, na darubini zikapita mkono kwa mkono. Kwa maelezo ya Bicknell kilikuwa cha rangi ya chuma, chenye umbo la risasi, urefu wake zaidi ya futi 200, kina pezi kama la mkia na mistari myeusi ya wima. Kikakaa palepale kwa dakika 17, kisha kikaanza kwenda mashariki huku kikipanda, kikatoweka.

Soma tena maelezo hayo ukitumia hesabu yetu. Dakika 17 naziamini, kwa sababu rubani anaishi kwa saa. Kwamba kilikuwapo kitu naamini pia, kwa sababu mashahidi walikuwa wengi ndani ya ndege moja na hawakuwa wamelala. Umbo nalo naweza kulikubali kwa sababu ya darubini. Lakini futi 200? Hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye kudhani kwamba kitu kilikuwa juu ya mlima. Tuseme ndege ilikuwa kilomita 100 kutoka Kibo. Futi 200, yaani mita 60, kwa umbali huo ni karibu sehemu moja ya kumi na tano ya upana wa mwezi. Kwa macho matupu ni kijinukta. Kwa darubini inayokuza mara nane ni kama nusu ya mwezi, kwa hiyo inawezekana. Lakini kitu chenye mita 6 kilichokuwa kilomita 10 mbele ya dirisha kingeonekana vilevile, na hakuna mtu ndani ya ndege ile ambaye angeweza kutofautisha. Mlima uliwapa alama ya umbali, na pengine alama hiyo haikuhusika kabisa.

Sisemi kilikuwa nini. Nasema tu ni sehemu gani ya ripoti iliyoonwa na ni sehemu gani iliyokisiwa. Katika ripoti nyingi za miaka ile vitu hivi viwili vimefungwa pamoja kwenye sentensi moja.

Kuna mtu aliyekufa kwa sababu ya fundo hilo. Tarehe 7 Januari 1948 watu wa Kentucky waliona kitu cha mviringo, cheupe, juu sana. Mnara wa uwanja wa kijeshi wa Godman nao ukakiona. Zikawa zinapita ndege za F-51 zikiongozwa na Kapteni Thomas Mantell, kijana wa miaka 25 aliyekuwa amepigana katika Vita vya Pili, na mnara ukamwomba akaangalie. Akapanda. Wenzake walirudi nyuma mmoja baada ya mwingine. Mantell hakuwa na hewa ya oksijeni, naye aliendelea kupanda kupita futi 20,000, juu kuliko kilele cha Kibo. Akapoteza fahamu, na ndege ikaanguka karibu na mji wa Franklin.

Mwanzoni jeshi lilisema alikuwa akiifukuza sayari ya Zuhura. Zuhura ilikuwapo kweli upande ule wa anga, lakini mchana ule ingekuwa nukta ndogo isiyoonekana kirahisi. Miaka michache baadaye maelezo bora yakapatikana. Jeshi la Maji la Marekani lilikuwa na mradi wa siri ulioitwa Skyhook wa maputo makubwa ya plastiki, yenye upana wa kama mita 30, yaliyopanda kilomita nyingi juu kuliko ndege yoyote. Puto la namna hiyo likipigwa na jua huonekana kama chuma kinachong'aa. Mantell hakuambiwa kwamba lipo. Mnara nao haukuambiwa. Kwa hiyo aliona sawasawa: kitu cha kweli, kikubwa, kiko juu. Alichokosa ni umbali, na umbali huo ulikuwa umefungiwa kwenye kabati la ofisi nyingine ya serikali hiyohiyo iliyomtuma.

Naomba niseme la kwangu hapa. Miaka iliyopita niliandika programu ya mauzo kwa kituo kimoja cha mafuta kinachofanya kazi usiku kucha. Keshia wa zamu ya jioni, iliyokwisha saa sita usiku, alilalamika kwamba mauzo yake "yanaongezeka akiwa amelala". Alikuwa akihesabu fedha, zinalingana, anakwenda nyumbani, na asubuhi ripoti inaonyesha ameuza zaidi ya fedha alizokabidhi. Alikatwa mshahara mara mbili. Mimi nilijaribu mchana ofisini, nikaona kila kitu kiko sawa, nikaandika kwenye daftari langu: haijathibitishwa. Moyoni nilishaamua ni mwizi au mlevi. Baadaye nikagundua kwamba seva ilikuwa inatunza saa za London, saa tatu nyuma ya Nairobi. Kila lita iliyouzwa kati ya saa sita na saa tisa usiku iliingia kwenye siku iliyopita, yaani kwenye zamu yake. Maneno yake yalikuwa sahihi neno kwa neno. Mauzo yake yaliongezeka akiwa amelala. Fedha alirudishiwa, lakini mimi nilishindwa kumtazama usoni kwa muda.

Turudi Marekani. Mwaka 1952 mambo yalifurika. Usiku wa tarehe 19 Julai, saa 5:40, mwongozaji wa ndege katika uwanja wa National mjini Washington aliona nukta saba kwenye rada mahali ambapo hapakuwa na ndege. Baadaye nukta zikaonekana kupita juu ya eneo la Ikulu na Bunge. Jeti za F-94 zikaja kutoka Delaware, nukta zikatoweka. Jeti zikaondoka, nukta zikarudi. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo tena. Tarehe 29 Julai Jenerali John Samford aliwakusanya waandishi wa habari Pentagon na kueleza kwamba sababu inayoelekea ni tabaka la hewa ya joto juu ya hewa baridi, ambalo hupinda mawimbi ya rada yakarudi chini na kuonyesha vitu vya ardhini kana kwamba viko angani. Fizikia hiyo ni ya kweli. Lakini Kapteni Edward Ruppelt, aliyekuwa akiongoza uchunguzi wa jeshi, hakuridhika, kwa sababu hewa ya namna hiyo ilikuwapo karibu kila usiku wa kiangazi kile na nukta hazikuja kila usiku.

Ruppelt ndiye mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii. Uchunguzi ulianza 1948 kwa jina la Sign, ukawa Grudge mwaka uliofuata, kipindi ambacho kazi kubwa ilikuwa kuzikana ripoti. Yeye aliukuta umelala, akausimamisha upya, na Machi 1952 ukapewa jina la Blue Book. Ndiye aliyeleta jina la kitu kirukacho kisichotambulika, hilo lenye herufi UFO, kwa sababu neno kisahani lilikuwa tayari limempa shahidi jibu. Mwaka huo mmoja ofisi yake ilipokea ripoti 1,501.

Fomu za Blue Book nazo zinapendeza. Hazikuishia kumwuliza shahidi kitu kilikuwa kikubwa kiasi gani. Zilimwambia afikirie amenyoosha mkono, kisha aseme ni kitu gani kingekifunika kile alichokiona: kichwa cha pini, punje ya njegere, sarafu ya aina fulani, mpira. Mnaona? Hiyo ni pembe! Mtu asiyejua hesabu hata kidogo anakupa kipimo cha kweli cha pembe, kwa sababu umemwuliza alichokiona na siyo alichokisia. Nimetengeneza fomu nyingi za wateja na sidhani nimewahi kuandika swali zuri kama hilo.

Ripoti zikapelekwa kwa taasisi ya utafiti ya Battelle huko Columbus, Ohio. Kila ripoti ilivunjwavunjwa kuwa namba na kutobolewa kwenye kadi za IBM: rangi, idadi, umbo, muda, mwendo, mwangaza. Kwa jumla zilikuwa 3,201, za kuanzia 1947 hadi 1952. Kila moja ilipewa pia daraja la ubora, kuanzia bora sana hadi duni. Ili ripoti iitwe isiyotambulika, jopo la watu wanne lilipaswa kukubaliana wote. Matokeo yalitolewa 1955 kwa jina kavu la Ripoti Maalumu Namba 14.

Asilimia 21.5 zilibaki hazitambuliki. Sawa, hilo mtu angelitegemea. Lakini ungefikiri ripoti duni ndizo zitakazoshindikana, maana hazina habari za kutosha. Ikawa kinyume. Katika ripoti bora sana karibu theluthi moja hazikutambulika, na katika zile duni ni chini ya moja ya tano. Wakafanya jaribio la takwimu kulinganisha zilizotambulika na zisizotambulika, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko bahati tu. Halafu wakajaribu jambo lingine, ambalo ndilo lenye akili: kama kweli kuna chombo cha aina moja kinachoruka, basi zile ripoti zisizotambulika zitupe picha yake. Kati ya 434 walizobaki nazo baada ya kuondoa marudio, walipata 12 tu zenye maelezo ya kutosha kuchora, na michoro ile 12 haikufanana. Hapakuwa na kisahani cha kuchora.

Wizara ikatangaza kwamba hakuna kitu. Wapenzi wa visahani wakatangaza kwamba theluthi ile ni ushahidi. Mimi nikiziangalia kadi zile naona tatizo la zamani. Safu ya mwendo ilijazwa na maili kwa saa ambazo shahidi alizipata kutokana na umbali aliokisia. Ukiingiza makisio kwenye mashine, itakurudishia makisio yaliyopigwa pasi.

Wakati huohuo kabati za siri ziliendelea kufungwa. Januari 1953 jopo la wanasayansi lililoitwa na CIA, chini ya mwanafizikia H. P. Robertson, lilisema hatari kubwa ni ripoti zenyewe kuziba njia za mawasiliano za jeshi, na likapendekeza umma uondolewe shauku. Agosti 1955 ndege ya upelelezi ya U-2 iliruka mara ya kwanza. Ilipanda zaidi ya futi 60,000 wakati ndege za abiria zilikuwa nyingi zikiruka kati ya futi 10,000 na 20,000. Machweo, rubani wa abiria akiwa tayari gizani, U-2 ya rangi ya fedha ilikuwa bado inapigwa na jua huko juu. Mwanahistoria mmoja aliandika mwaka 1997 kwamba zaidi ya nusu ya ripoti za mwisho wa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege hizo za siri. Wengine wanabishia kiwango hicho, nami naona ni kikubwa mno. Lakini hata kingekuwa moja ya kumi, hao ni marubani waliosema kweli kisha wakaandikiwa majibu ambayo mwandishi alijua ni ya uongo.

Hynek, yule mnajimu, aliajiriwa tangu 1948 ili aseme ni nyota gani na sayari gani iliyowadanganya watu. Aliifanya kazi hiyo kwa furaha. Mwaka 1966, baada ya watu wengi wa Michigan kuona taa, alisema huenda baadhi ni gesi ya kinamasi, na nchi nzima ikamcheka. Kufikia 1972 alikuwa ameandika kitabu akilaumu kwamba mashahidi hawakuwahi kuchunguzwa kama inavyopasa.

Blue Book ilifungwa tarehe 17 Desemba 1969. Daftari lake la mwisho lina ripoti 12,618, na 701 kati yake hazina jibu. Majalada yako katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani, yamepigwa kwenye filamu, na mengi yanasomeka mtandaoni bure. Nimekesha nayo siku mbili. Nyingi ni Zuhura, maputo na vimondo, unazitambua hata kabla ya kufika ukurasa wa pili. Ninazozirudia ni zile ambazo mtu ameacha nafasi ya mwendo wazi, ameacha nafasi ya umbali wazi, halafu kwenye swali la mkono ulionyooshwa ameweka alama yake vizuri pale penye punje ya njegere.